Njia na Anwani: Historia ya Kugeuza Majina Tegemezi ya Faili Kuwa Anwani Kamili

Neno njia ni la Kibantu tangu asili, na neno anwani limetoka katika Kiarabu. Katika matumizi ya kila siku maneno haya mawili hayagongani: njia hupitwa, anwani huandikwa juu ya bahasha. Atakaye kumwelekeza mgeni nyumbani kwake husema, "Pita hapo penye mwembe, rudi nyuma kidogo, kisha ingia mlango wa pili." Maneno hayo humfaa yule aliyesimama pale pale aliposimama msemaji, wala hayamfai mtu aliye mji mwingine. Atakaye kuletewa barua huandika nambari ya sanduku la posta, mji na nchi, na maandishi hayo humfaa kila mtu po pote alipo. Wataalamu wa sarufi wanaijua tofauti hii vizuri, maana ndiyo iliyomo katika vionyeshi vya mahali: hapa, hapo na pale ni maneno yasiyokuwa na maana timamu mpaka ijulikane ni nani asemaye, na amesimama wapi.

Tofauti hiyo hiyo imo ndani ya kompyuta. Faili yaweza kutajwa kwa njia tegemezi, yaani kwa kuanzia mahali programu ilipo wakati ule, au kwa anwani kamili iliyo na kila kitu: itifaki, jina la mashine, na njia yote tangu shina hadi jani. Kugeuza ya kwanza kuwa ya pili ni kazi inayofanywa na programu mara nyingi mno kila siku, na kwa kutazama juu juu ni kazi ya kuunganisha vipande viwili vya maandishi. Hata hivyo, kanuni zake zimeandikwa, zikabadilishwa, na mahali pamoja zikarudishwa zilivyokuwa mwanzo, katika muda wa zaidi ya miaka hamsini.

Asili ya mambo haya ni mfumo ulioitwa Multics, uliobuniwa katika Massachusetts Institute of Technology kwa ushirikiano na Bell Laboratories na General Electric. Katika mwaka wa 1965 R. C. Daley na P. G. Neumann walisoma makala yaliyoeleza hifadhi ya faili yenye umbo la mti. Faili zilipangwa ndani ya saraka, na saraka ndani ya saraka nyingine, mpaka kufika kwenye shina moja. Ndani ya makala hayo mlikuwamo pia wazo la saraka ya kazi: kwamba mtumiaji ana mahali pake katika mti, na majina ayaandikayo huhesabiwa kuanzia hapo. Basi hapo ndipo "hapa" ya kompyuta ilipozaliwa. Multics ilipokamilika, matawi yalitenganishwa kwa alama ya >, na kupanda ngazi moja kuelekea shina kukaandikwa kwa alama ya <. Yafaa kukiri kwamba alama hizo mbili zilikuwa za busara kuliko zile zilizozifuata, kwa kuwa jicho lenyewe laona upande unaokwendwa.

Bell Laboratories walijitoa katika kazi hiyo mwaka wa 1969, na Ken Thompson na Dennis Ritchie wakaanza kujenga mfumo mdogo uliokuja kuitwa Unix. Ritchie ameeleza, katika makala yake ya mwaka 1979, kwamba Unix ya kwanza, iliyokuwa katika mashine ya PDP-7, haikuwa na njia kabisa: kila jina lilikuwa neno moja tu, lililotafutwa ndani ya saraka ya kazi. Njia zilikuja baadaye, na kitabu cha kwanza cha maelezo ya mfumo huo, cha Novemba 1971, kinazo. Alama iliyochaguliwa ilikuwa mkwaju. Njia iliyoanza kwa mkwaju ilihesabiwa tangu shina. Njia isiyoanza hivyo ilihesabiwa tangu saraka ya kazi. Nukta moja ilimaanisha "hapa hapa", na nukta mbili zikamaanisha "ngazi moja juu". Nukta hizo hazikuwa kanuni ya maandishi tu, bali yalikuwa majina hasa yaliyoandikwa ndani ya kila saraka, yakionyesha mahali pa kweli katika diski. Jambo hili litatakiwa kukumbukwa mbele.

Kwa upande mwingine, mfumo wa DOS wa mwaka 1981 haukuwa na saraka ndani ya saraka, na mkwaju ulikuwa umekwisha kupewa kazi nyingine, ya kutanguliza chaguo katika amri. Toleo la pili, la mwaka 1983, lilipoleta saraka, mkwaju ulikuwa na mwenyewe, kwa hiyo ukachukuliwa mkwaju wa kinyume, ulalao upande wa pili. Hivyo njia iliyoandikwa /tenzi/juzuu upande mmoja iliandikwa C:\tenzi\juzuu upande wa pili, pamoja na herufi ya diski mbele yake. Ugomvi wa alama hizi mbili haujesha hata leo.

Tim Berners-Lee, alipokuwa akitunga wavuti huko CERN, Geneva, katika miaka ya 1989 na 1990, alihitaji anwani itakayotaja kitu cho chote katika mashine yo yote. Mkwaju aliuchukua kutoka Unix. Mikwaju miwili iliyotangulia jina la mashine aliipata kutoka katika mfumo wa kompyuta za Apollo, ambamo //mashine/faili ilimaanisha faili iliyo katika mashine nyingine ya mtandao ule. Mwaka 2009 alikiri hadharani kwamba mikwaju hiyo miwili haikuwa ya lazima. Lakini kwa mwenye kuchunguza lugha, mikwaju hiyo ina maana yake: mkwaju mmoja mbele ya jina husema "tangu shina la mashine hii hii", na miwili husema "tangu mashine nyingine, kwa itifaki hii hii". Ni daraja tatu za umbali, zisizo mbali sana na hapa, hapo na pale.

Kuna jambo moja zaidi katika umbo la anwani ambalo wazoefu hawalioni tena kwa sababu ya mazoea. Jina la mashine, kwa kanuni alizozitoa Paul Mockapetris mwaka 1983, husomwa kutoka dogo kwenda kubwa, kama bahasha isemavyo mtu, kisha mji, kisha nchi. Njia ya faili husomwa kutoka kubwa kwenda dogo. Kwa hiyo anwani moja huanza katikati, ikapanda mpaka kwenye jina la nchi au la kundi, kisha ikarudi katikati na kushuka mpaka kwenye faili. Ndiyo sababu njia tegemezi hufanya kazi upande wa kulia tu. Hakuna nukta mbili za kupanda kutoka jina la mashine moja hadi jina la mzazi wake.

Viungo tegemezi vilikuwamo katika wavuti tangu mwanzo, na faida yake ilikuwa dhahiri. Mtu mwenye kurasa mia zinazotajana angeweza kuzihamisha zote kutoka saraka moja hadi nyingine, au kutoka mashine yake hadi seva ya chuo, bila kubadili herufi hata moja. Lakini msomaji abofyapo kiungo, kivinjari hakiwezi kutuma "ngazi moja juu, kisha picha" kwenye mtandao. Lazima kwanza kipate anwani kamili. Kanuni za ugeuzaji huo ziliwekwa katika waraka wa RFC 1808 wa Juni 1995, ulioandikwa na Roy Fielding wa Chuo Kikuu cha California, Irvine. Kwanza hutafutwa msingi, yaani anwani kamili ambayo njia tegemezi itahesabiwa kutoka kwayo. Ukitajwa ndani ya maandishi yenyewe, huo ndio msingi. Usipotajwa, hutazamwa kile kilichoyafunga maandishi hayo. Kisha ndipo huchukuliwa anwani iliyotumika kuyapata. Msingi ukisha kujulikana, hukatwa yote yaliyo baada ya mkwaju wa mwisho wa njia yake, njia tegemezi ikaunganishwa hapo, na nukta zikaondolewa pamoja na majina zinayoyafuta.

Mathalan, ikiwa msingi ni /maktaba/tenzi/yaliyomo.html, na kiungo ni ../picha/ramani.png, jina yaliyomo.html hukatwa, nukta mbili hufuta tenzi, na jibu huwa /maktaba/picha/ramani.png. Hapo hapana shida. Shida iko katika lile neno "mkwaju wa mwisho". Msingi ukiandikwa /maktaba/tenzi/, basi ramani.png ni /maktaba/tenzi/ramani.png. Ukiandikwa /maktaba/tenzi, bila mkwaju mwishoni, basi tenzi yenyewe hukatwa na jibu huwa /maktaba/ramani.png. Mtu angedhani ya kwamba majina hayo mawili ni mamoja, na kwa mfumo wa faili hakika ni mamoja, kwa kuwa mfumo huenda kuangalia ukakuta saraka. Anwani haiendi kuangalia kitu. Yajua maandishi tu. Makosa mengi katika programu za ugeuzaji yametoka katika mkwaju huu mmoja. Katika lugha ya Java, chombo kinachogeuza faili kuwa anwani huongeza mkwaju huo chenyewe kikikuta kwamba kitu kilichotajwa ni saraka; lakini saraka ikiwa bado haijaundwa, hakuna cha kukuta, na mkwaju hauongezwi. Kwa hiyo programu ile ile, kwa jina lile lile, hutoa anwani mbili mbali mbali kabla na baada ya saraka kuundwa.

Waraka wa 1995 uliacha maswali ambayo majibu yake yaliyumba. Kiungo kikiwa na alama ya kuuliza na neno moja tu, kama ?y, je, jina la faili ya msingi hubaki au hukatwa? Waraka wa 1995 ulisema hubaki. RFC 2396 wa Agosti 1998, ulioandikwa na Berners-Lee, Fielding na Larry Masinter, ulisema hukatwa. RFC 3986 wa Januari 2005, wa watu wale wale watatu, ukasema tena hubaki. Na je, nukta mbili zikizidi idadi ya ngazi zilizopo? Nyaraka mbili za kwanza ziliziacha katika jibu, kama kusema kwamba mwandishi amekosea na kosa lake lionekane. Waraka wa 2005 uliamuru zitupwe, kwa hiyo aliyepanda juu ya shina hujikuta shinani. Hii ya pili ndiyo desturi ya Unix, ambamo mzazi wa shina ni shina lenyewe. Kurudi nyuma huko ni ushahidi wa uaminifu wa waandishi wale. Si kila kamati hukubali kuandika kwamba kanuni ya kwanza ndiyo iliyokuwa sahihi.

Hata hivyo, kanuni ya nukta mbili katika anwani si ile ya Unix ijapokuwa zafanana. Mwaka 1983 Unix ya Berkeley, katika toleo la 4.2, ilileta viungo vya ishara: jina katika saraka moja lielekezalo mahali pengine katika mti. Tuseme /kazi/leo ni kiungo cha kwenda /maktaba/tenzi/juzuu2. Atakayeandika /kazi/leo/.. kwa kufuata maandishi hufuta neno leo na kupata /kazi. Mfumo wa faili, ambao nukta mbili kwake ni jina lililoandikwa ndani ya saraka aliyoifikia, humpeleka /maktaba/tenzi. Rob Pike alilichambua jambo hili katika makala ya mwaka 2000 juu ya mfumo wa Plan 9, akachagua upande wa maandishi. Programu igeuzayo njia kuwa anwani haina budi kuchagua pia, na yenye kuchagua bila kujua huenda ikampa msomaji faili nyingine kabisa yenye jina lile lile.

Njia ikisha kuwa kamili, yabaki kuivika vazi la anwani. Faili iliyo katika mashine ya mtumiaji mwenyewe hutanguliwa na neno file, na kwa RFC 1738 wa Desemba 1994 jina la mashine yaweza kuachwa tupu. Ndipo huonekana ile mikwaju mitatu iwashangazayo wengi: miwili hutangulia jina la mashine ambalo halipo, na wa tatu ni shina la njia. Kwa DOS na Windows hapakuwa na shina moja, ila herufi ya diski, na nukta pacha iifuatayo ilikuwa tayari na maana nyingine katika anwani. Baadhi ya programu za mwanzo ziliandika mstari wima badala yake, file:///C|/tenzi, na nyingine zikaiacha nukta pacha, file:///C:/tenzi.

Kisha huja herufi. Anwani haikubali nafasi tupu, wala alama ya reli ndani ya jina, wala alama ya asilimia iliyo peke yake. Kila moja huandikwa kwa alama ya asilimia na tarakimu zake, nafasi kuwa %20, reli kuwa %23, na asilimia yenyewe kuwa %25. Utaratibu una zamu zake: aigeuzaye asilimia baada ya nafasi hupata %2520, na faili haipatikani. Java ilitoa mwaka 1998 chombo kilichogeuza faili kuwa anwani bila kuzigeuza herufi hizi. Mwaka 2002 ukaletwa mwingine uzigeuzao, na mwaka 2006 wa kwanza ukatangazwa kwamba haufai kutumiwa tena.

Katika jambo la herufi Kiswahili kimepata bahati kuliko lugha nyingi, kwa kuwa tahajia yake ya Kilatini haina alama juu ya herufi. Lakini kuna kibanzi kimoja, nacho ni king'ong'o. Faili iitwayo ng'ombe.txt, ikiandikwa kwa ritifaa iliyonyoka, hupita bila kubadilika, maana kanuni zinairuhusu alama hiyo. Programu nyingine huigeuza hata hivyo kuwa %27, na waraka wa 2005 wasema wazi kwamba alama za namna hiyo, zikigeuzwa na zisipogeuzwa, hufanya anwani mbili zisizo sawa. Na mwandishi aliyeandika kwa programu ya uchapaji, ambayo hupinda ritifaa yenyewe bila kuulizwa, atapata %E2%80%99. Kwa macho ni ng'ombe mmoja. Kwa kompyuta ni watatu. Anayeweka majina ya faili za kamusi, au orodha ya maneno, atakutana na jambo hili kabla ya kufika mbali katika herufi N. Majina yaliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, kama yanavyotakiwa katika hifadhi za tenzi za kale, hugeuzwa kila herufi: herufi ya be moja huwa %D8%A8, na neno fupi la herufi nne hujaza alama ishirini na nne.

Yupo atakayesema haya ni mambo ya alama tu. Katika Oktoba 2000 ilitangazwa kasoro katika seva ya wavuti ya Microsoft. Seva hiyo ilikagua kama njia iliyoombwa ina nukta mbili za kutoka nje ya saraka iliyoruhusiwa, na ukaguzi huo ulikuwa sahihi. Bali mkwaju uliweza kuandikwa kwa baiti mbili zisizo halali, %c0%af, ambazo hazikutambuliwa kuwa mkwaju mpaka baada ya ukaguzi kupita. Mgeni aliyekataliwa mlangoni aliingia akiwa amejifunika shuka. Marekebisho yalikuwa yamekwisha kutolewa tangu Agosti ya mwaka ule ule, lakini seva nyingi hazikurekebishwa, na tarehe 18 Septemba 2001 programu haribifu iliyoitwa Nimda ikaenea ulimwenguni, na kasoro hii ikiwa moja ya milango yake. RFC 3629 wa Novemba 2003 ulikataza kusoma maandishi ya baiti ya namna hiyo. Kanuni iliyopatikana ni ya zamu: kwanza fungua alama za asilimia, mara moja tu, kisha ondoa nukta, kisha ndipo ukague.

Vyombo vya siku za karibuni vimejifunza kukataa. Python, tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014, inacho chombo cha kugeuza njia kuwa anwani, nacho kikipewa njia tegemezi hakikisii. Hutoa kosa na kusimama, kwa hoja kwamba njia tegemezi haiwezi kuwa anwani ya faili. Node, mwaka 2018, ilichagua kinyume chake: njia tegemezi hukamilishwa kwanza kwa saraka ya kazi. Uamuzi wa Python ndio ulio imara zaidi, kwa sababu saraka ya kazi hutegemea mahali programu ilipoanzishwa, na aliyeianzisha huenda si yule aliyeandika njia.

Anwani ya faili yenyewe ilingoja muda mrefu kupata waraka wake. Ule wa 2005 haukuieleza, na RFC 8089 wa Matthew Kerwin ulitoka Februari 2017. Ukaruhusu pia namna fupi ya mkwaju mmoja baada ya nukta pacha, kwa kuwa jina la mashine lililo tupu halihitaji mikwaju ya kulitangulia. Na mstari wima wa diski ukawekwa katika nyongeza za mwisho, pamoja na desturi nyingine zilizozoeleka bila kuwa kanuni. Kiwango cha anwani kinachofuatwa na watengenezaji wa vivinjari, kilichoanzwa mwaka 2012, kimekwenda mbali zaidi: kikiukuta mkwaju wa kinyume katika anwani ya faili hukisoma kama mkwaju wa kawaida, na kikiukuta mstari wima baada ya herufi ya diski, huandika nukta pacha mahali pake bila kusema neno.